Mtaalamu mgeni apewe jembe lenye mpini

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeizoea mno, na aghalabu tunaitumia kumsuta mgeni aliyekaa akasahau kwao. Walimu huiandika ubaoni, wanafunzi huitungia insha, na karibu katika insha zote hizo anayelaumiwa ni mgeni. Hata hivyo, methali hiyo ina pande mbili, na upande unaomhusu mwenyeji ndio tuliousahau. Jembe halimshukii mgeni kutoka mbinguni. Mwenyeji ndiye anayepaswa kumpa, na kumpa jembe ni pamoja na kumwonyesha shamba liliko, mipaka yake, msimu wa mvua na mbegu zinazoota katika udongo ule. Mwenyeji anayempa mgeni jembe lisilo mpini, kisha akamcheka kwa kuwa halimi, hajaitimiza methali hiyo hata kidogo.

Nimeanza na methali kwa sababu jambo ninalotaka kulijadili leo linahusu wageni wa namna ya pekee. Hawa ni watu waliosoma, wenye ujuzi na vyeti vyao, ambao huhama nchi moja na kwenda nyingine kufanya kazi waliyosomea. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano kuhusu uhamiaji na ajira. Habari zilienea mara moja kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi huko. Serikali ya Ujerumani ikakanusha, ikasema makubaliano hayo hayataji idadi yoyote. Mjadala wetu wote ukawa juu ya hesabu hiyo: watakwenda wangapi, watatuma fedha kiasi gani nyumbani, na hospitali zetu zitabaki na nani. Maswali hayo ni ya haki. Lakini ni wachache waliouliza swali jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito sawa na hayo: mtaalamu huyo akishafika, nani atampokea, na atasaidiwa kwa njia gani hadi aweze kuifanya kazi iliyomtoa kwao?

Dai langu ni hili. Viza humvusha mtu mpaka, lakini haiuvushi ujuzi wake. Ujuzi huvushwa na mambo matatu: cheti kutambuliwa, lugha ya kazi kufundishwa, na mgeni kupata mtu wa kumwelekeza katika miezi ya mwanzo. Mojawapo likikosekana, muuguzi hugeuka msaidizi wa kutandika vitanda, mhandisi hugeuka bawabu, na mwalimu hugeuka mchuuzi. Nchi inayotaka watu wake wapewe huduma hizo ng'ambo ni lazima izidai kwa maandishi. Isitoshe, ni lazima yenyewe iwape wageni walioko kwake, la sivyo madai yake yatakuwa ya mtu anayeomba asichokitoa.

Ujerumani yenyewe ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 30 Oktoba 1961, Ujerumani Magharibi ilifanya mapatano na Uturuki ya kuajiri wafanyakazi wa viwandani, kama ilivyokuwa imekwisha kufanya na Italia mwaka wa 1955. Watu hao waliitwa Gastarbeiter, yaani wafanyakazi wageni. Neno lenyewe lilibeba sera nzima, kwamba mgeni huja, hufanya kazi, kisha huenda zake. Maadamu angerudi kwao, ya nini kumfundisha lugha? Uajiri huo ulisimamishwa Novemba 1973, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuleta jamaa zao, wakabaki. Watoto wao wakaingia shuleni, na wazazi wengi hawakuweza kuisoma barua ya mwalimu.

Sisi wanaisimu tunakifahamu kisa hicho kwa sababu kilizaa utafiti muhimu. Michael Clyne aliandika juu ya Kijerumani cha wafanyakazi hao mwaka wa 1968. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, wakiwemo Wolfgang Klein na Norbert Dittmar, waliyarekodi mazungumzo ya wafanyakazi kutoka Uhispania na Italia. Walikuta watu walioishi Ujerumani kwa miaka mingi ambao sentensi zao zilikuwa bado vipande vipande, vitenzi vyake havibadiliki kufuata nafsi wala wakati. Jambo lililohusiana zaidi na ufasaha wa mtu halikuwa urefu wa muda aliokaa nchini. Lilikuwa kiasi alichozungumza na Wajerumani wakati wa mapumziko yake, baada ya kazi.

Matokeo hayo yanastahili kuzingatiwa na kila mwalimu. Watu hudhani kwamba mgeni akikaa, lugha itamwingia tu, kama baridi inavyoingia mwilini. La hasha! Lugha haimwingii mtu asiyesemeshwa. Mfanyakazi anayepewa amri kiwandani asubuhi, kisha jioni akarudi chumbani mwake pamoja na wenzake wa kwao, anaweza kukaa miaka 20 na asitoke mahali alipokuwa katika mwaka wake wa kwanza. Anachokihitaji ni mafunzo yaliyopangwa na majirani wanaomsemesha.

Mwaka wa 2005, sheria mpya ya uhamiaji ya Ujerumani ilianzisha mafunzo rasmi kwa wageni. Mpango wa kawaida umekuwa na vipindi 600 vya lugha, na baadaye vipindi vya kueleza sheria, historia na desturi za nchi vikaongezwa hadi 100. Kadhalika, serikali hiyo ilianza kugharimia ushauri wa bure kwa wahamiaji watu wazima, unaotolewa na mashirika ya misaada kama vile Caritas, Diakonie na Msalaba Mwekundu. Tangu Aprili 2012 ipo sheria inayompa mtu aliyesomea nje haki ya kuomba elimu yake ilinganishwe na ile ya Kijerumani. Yaani, miaka 44 ilipita tangu mapatano ya 1961 hadi mwenyeji alipokubali kisheria kwamba mgeni anahitaji kufundishwa. Sisi hatuna sababu ya kuirudia safari hiyo ndefu.

Hata hivyo, lugha ya sokoni na ya kituo cha basi haimtoshi mtaalamu. Tumwangalie daktari. Mgonjwa wa Kijerumani mwenye ugonjwa wa kidole tumbo husema ana Blinddarmentzündung, neno la mitaani ambalo hata mtoto analijua. Madaktari wakizungumza wao kwa wao husema Appendizitis. Daktari mgeni hana budi kuyajua maneno yote mawili na, zaidi ya hayo, kujua lini alitumie lipi. Akimwambia bibi kizee lile la kitabuni, bibi hataelewa. Akimwambia daktari mkuu lile la mitaani, ataonekana hakusoma. Ndiyo maana madaktari wanaotoka nje hufanyiwa mtihani wa lugha ya taaluma wenye sehemu tatu za dakika 20 kila moja: kuzungumza na mgonjwa, kuandika ripoti, na kumweleza daktari mwenzake hali ya mgonjwa huyo. Mtihani huo haupimi kama mtu anajua Kijerumani kwa jumla. Unapima kama anaweza kufanya kazi kwa Kijerumani, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuna tabaka jingine la lugha lililofichika zaidi, ambalo halimo katika msamiati wala katika sarufi. Mwanaisimu John Gumperz, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1982, alisimulia habari za wanawake kutoka India na Pakistani walioajiriwa katika mkahawa wa wafanyakazi kwenye uwanja mmoja mkubwa wa ndege nchini Uingereza. Wateja na wakubwa wao waliwaona kuwa watu wakavu, wasio na adabu. Wanawake nao waliona wanabaguliwa. Mazungumzo yao yaliporekodiwa, ilibainika kwamba mhudumu Mwingereza akitaka kujua kama mteja anataka mchuzi hulitamka neno hilo moja, mchuzi, kwa kiimbo cha kupanda. Wahudumu wageni walilitamka neno lilo hilo kwa kiimbo cha kushuka. Kwao huko ndiko kuuliza kwa adabu. Kwa Mwingereza ilikuwa kana kwamba wanamwambia: huu hapa mchuzi, chukua au acha. Neno lilikuwa sahihi na nia ilikuwa njema, ilhali kiimbo peke yake kiliharibu uhusiano wa kazi. Walipokaa pamoja na kuzisikiliza rekodi hizo, pande zote mbili zilianza kuelewana.

Wakenya nao wana mchuzi wao. Mkenya akimwona mtu amejikwaa, humwambia pole. Akizungumza Kiingereza, hulitumia neno la Waingereza la kuomba radhi kwa maana hiyo hiyo. Mgonjwa wa London atashangaa: muuguzi huyu anaomba radhi ya nini, kwani amenifanya nini? Katika wodi, ambako neno la radhi laweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri kosa, jambo hilo si la kuchekesha. Vilevile, wengi wetu tukishindwa kukataa ombi la mkubwa husema tutajaribu, na Mkenya mwenzetu hung'amua mara moja kwamba jibu ni la. Msimamizi wa Kijerumani husikia ahadi, na kesho yake hudai kazi iliyoahidiwa. Muuguzi huyo ataitwa mwongo au mvivu, wala hatajua ni kwa nini.

Mwishoni mwa 2021, baada ya Kenya na Uingereza kukubaliana juu ya wahudumu wa afya, ilitangazwa kwamba kati ya wauguzi 300 waliotangulia kuombewa nafasi, ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Nchi nzima ikapigwa na butwaa. Wengine wakawacheka wauguzi, wengine wakawalaumu walimu wa shule za msingi. Mimi sikuona sababu ya kicheko. Watu hao walikuwa wamesomea uuguzi kwa Kiingereza na kufanya mitihani yote kwa Kiingereza. Kilichopimwa ni namna fulani ya kusikiliza, kuandika na kujieleza ambayo hakuna aliyekuwa amewaandalia. Mtu hafeli katika jambo alilofundishwa kwa namna ile ile anayofeli katika jambo alilovamiwa nalo.

Je, jambo hili lafundishika? Naam, na mifano ipo. Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, kilianza mwaka wa 1996 kurekodi na kuchunguza jinsi watu wanavyozungumza kazini: wanavyoomba, wanavyokataa, wanavyotaniana wakati wa chai, wanavyomkosoa mkubwa bila kumvunjia heshima. Kutokana na utafiti huo, chuo hicho kikaanzisha kozi ya wataalamu wahamiaji ambao walikuwa na shahada lakini hawana kazi inayolingana nazo. Kozi hiyo huchanganya masomo ya darasani na majuma ya kufanya kazi katika ofisi halisi. Wanafunzi husikilizishwa mazungumzo ya kweli, kisha wenyewe huenda kuyajaribu mahali pa kazi. Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema mpini wa jembe.

Sasa turudi kwa muuguzi wetu anayekwenda Ujerumani. Akiwasilisha vyeti vyake, mamlaka ya jimbo atakalofanyia kazi huilinganisha elimu yake na ya Kijerumani. Kukiwa na pengo, hupewa hati inayotaja upungufu huo, kisha hufanya mafunzo ya kuliziba au hufanyiwa mtihani. Wakati huo wote hufanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi. Utaratibu huo una mantiki yake, kwa kuwa hakuna atakayetaka kuhudumiwa na mtu ambaye ujuzi wake haujulikani. Hatari iko katika muda. Mtu asiyepewa saa za kujifunza lugha, anayepangiwa zamu za usiku mfululizo, na asiyejua ofisi ya kwenda kuuliza, anaweza kubaki msaidizi kwa miaka. Mwajiri naye hana haraka, maana amepata mikono yenye ujuzi kwa bei ya mikono isiyo na ujuzi.

Kuna vizuizi vingine vinavyovaa joho la haki. Nchini Kanada, waajiri walizoea kudai kwamba mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa Kanada. Utaupataje uzoefu huo bila kuajiriwa kwanza? Mwaka wa 2013, Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo la Ontario ilitangaza kwamba sharti hilo lina sura ya ubaguzi. Jimbo hilo likatunga sheria ya kulipiga marufuku katika matangazo ya kazi ya waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi, na tarehe ya kuanza kutumika ikawekwa kuwa 1 Januari 2026. Yaani, hata nchi inayosifika kwa kuwachagua wahamiaji kwa shahada zao ilihitaji sheria ili shahada hizo ziheshimiwe.

Kwa hivyo, serikali yetu inapozungumza na Ujerumani, au na nchi nyingine yoyote, kuna mambo matatu ambayo haifai kuyaachia hisani ya mwajiri. Kwanza, mafunzo ya lugha ya taaluma yaanze hapa nchini kabla ya safari, na gharama yake isiwe mzigo wa mwombaji peke yake. Ujerumani tayari ina alama rasmi ya ubora katika uajiri wa wauguzi kutoka nje, na msingi wake ni kwamba mwajiri ndiye alipaye gharama za kumwajiri mtu. Tuushikilie msingi huo. Pili, mkataba wa kazi utaje saa za kujifunza lugha ndani ya saa za kazi, na utaje ni nani atakayeshughulikia kutambuliwa kwa vyeti na kwa muda gani. Tatu, kila anayekwenda apewe jina na anwani ya mshauri ambaye si mwajiri wake wala si wakala aliyempeleka. Mtu hawezi kumshtakia fisi habari za fisi.

Hapo ndipo ninapogeuka nyumbani, maana ni rahisi kuwahubiria Wajerumani. Lugha yetu ina neno zuri sana la jambo hili. Kukaribisha, tukilichambua, ni kumfanya mtu awe karibu. Kiambishi -sha kinatueleza kwamba ukaribu hauji wenyewe. Kuna mtu anayeusababisha. Je, sisi tunamkaribisha mtaalamu mgeni kwa maana hiyo, au tunamwambia karibu kisha tunakaa kando kumtazama?

Historia yetu inaonyesha kwamba tunaweza, na kwamba tumefaidika. Mwaka wa 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi cha siku hizo, wahadhiri watatu waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Wawili walikuwa Wakenya, Ngugi wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba. Wa tatu alikuwa Taban lo Liyong, mzaliwa wa Sudan aliyelelewa Uganda. Mwalimu yeyote wa fasihi nchini leo hula matunda ya waraka huo. Katika miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin ulipowafukuza wasomi wa Uganda, wengi waliingia madarasa yetu ya shule za upili na vyuo. Wakenya wa umri wangu walifundishwa hisabati, fizikia na Kiingereza na walimu hao. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona, kwa sababu alikabidhiwa chaki na darasa.

Leo je? Kwa maandishi, hatuko nyuma. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na yapo mapatano ya kutambuliana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya taaluma yake maadamu vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watapata huduma pamoja. Lakini itazame vizuri ile sehemu inayosema maadamu vyeti vimetambuliwa. Hapo ndipo mlango unapokwama. Sheria imetoa jembe, mpini haujachongwa.

Namjua mwalimu mmoja wa hisabati kutoka Bukavu. Ana shahada na miaka 11 ya kufundisha. Vyeti vyake vimeandikwa kwa Kifaransa. Ofisi ya kwanza ilimtaka atafute mfasiri, ya pili ikaikataa tafsiri hiyo, ya tatu ikamrudisha kwa ya kwanza. Hakuna aliyemwambia la moja kwa moja, wala hakuna aliyempa karatasi inayosema ni kitu gani kinachopungua. Sasa anauza vitenge, na jioni huwafundisha watoto wa majirani kwa malipo ya kubahatisha. Katika kambi za Kakuma na Dadaab nako, wakimbizi wengi wamekuwa wakisimama mbele ya madarasa makubwa kwa posho badala ya mshahara wa mwalimu.

Kuna jambo jingine katika habari za mwalimu huyo linalonikera zaidi kama mtu wa lugha. Anajua Kiswahili. Amezaliwa nacho. Lakini ni Kiswahili cha Kivu, na akisema batoto mahali ambapo sisi husema watoto, watu huangua kicheko. Mkuu wa shule moja ya kibinafsi alimwambia aende kwanza akajifunze Kiswahili. Sisi ndio tunaojigamba kwamba lugha hii inasikika hadi Kongo, tunaosherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, na tulioshangilia mwaka wa 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipoikubali kuwa lugha rasmi ya jumuiya. Anapofika mzungumzaji wake kutoka Kongo, tunamfanya kichekesho! Tofauti kati ya Kiswahili chake na cha darasani ni ndogo, na mwalimu hodari anaweza kuiziba kwa majuma machache. Kicheko hakizibi kitu.

Najua pingamizi litakalotolewa, na si la kupuuzwa. Wapo maelfu ya walimu wa Kenya waliohitimu ambao hawajaajiriwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asomee ualimu atauliza kwa nini tumshughulikie mgeni. Jibu langu ni kwamba kutambuliwa kwa cheti si kupewa kazi. Ni kuruhusiwa kupanga foleni pamoja na wengine. Zaidi ya hayo, mgeni asiyeruhusiwa kufanya kazi yake haondoki kwa sababu hiyo. Hubaki papa hapa, akifanya kazi hiyo hiyo kichinichini kwa ujira duni, na ujira huo duni ndio unaoushusha mshahara wa Mkenya. Tena, hoja ya huyo mzazi ndiyo hasa hoja ya Mjerumani asiyemtaka muuguzi wetu. Hatuwezi kuiita ubaguzi ikitamkwa Berlin, kisha tukaiita uzalendo ikitamkwa Nairobi.

Ninayopendekeza hayahitaji mabilioni. Pawe na dawati moja ambapo mtaalamu mgeni atawasilisha vyeti vyake vyote, nalo dawati ndilo lizungukie ofisi nyingine. Uwekwe muda maalum wa kumjibu, na jibu liwe la maandishi, likitaja upungufu na namna ya kuuondoa. Vyuo vikuu vyetu vianzishe kozi fupi za Kiswahili na Kiingereza cha taaluma: cha darasani, cha zahanati, cha mahakama. Nani atazifundisha? Ni hao hao wahitimu wetu wa Kiswahili walioketi nyumbani wakisubiri ajira. Hapo maslahi ya mgeni na ya mwenyeji hukutana, badala ya kugombana kama tunavyoambiwa.

Nanyi walimu wenzangu, msisubiri bunge. Akija shuleni kwenu mwenzenu kutoka Bujumbura, Juba au Goma, mwonyesheni jinsi mtaala wetu ulivyo, jinsi tunavyosahihisha, jinsi tunavyozungumza na wazazi. Mketisheni nanyi wakati wa chai na mmsemeshe, maana utafiti wa Heidelberg ulituonyesha kwamba hapo ndipo lugha inapokomaa. Nanyi wanafunzi wa isimu mnaotafuta mada za tasnifu, acheni kuchakura zilezile za kila mwaka. Nendeni mkarekodi mazungumzo ya muuguzi na mgonjwa, ya mwalimu mgeni na darasa lake, mtuambie ni wapi yanapokatika. Huko kuna kazi ya kutosha kizazi kizima.

Vijana wetu wataendelea kupanda ndege, na wa majirani wataendelea kuvuka mipaka yetu. Wote hao hawaombi kulelewa. Wanaomba waonyeshwe shamba, wafundishwe lugha inayolimiwa shamba hilo, kisha waachwe walime. Waziri atakayekwenda Berlin kuwadai Wajerumani haki hiyo kwa niaba ya muuguzi wetu, aondoke akiwa ameshampa jibu la maandishi mwalimu wa Bukavu.